Demoni ya Mashine ya Keshero

Kwenye matanga ya Papa Anselme, mwezi uliopita, mwanamke mwenye miwani alivuta kiti cha plastiki, akakaa karibu nami na kuniita Kavi. Hakuna anayeniita hivyo tena. Kwa watoto wangu mimi ni mama, kwa wanafunzi wangu wa informatiki ni Madame Kavira, na kwa watu walioketi uani siku ile nilikuwa mama mmoja tu mwenye kitenge cheusi aliyekuja kumlilia muzee. Niligeuka polepole, kwa sababu sauti ilikuwa imenifikia kabla ya uso, na nilipouona uso nikajua kwamba ni Furaha. Hatukukumbatiana. Alinipa mkono, nikaushika, na kwaya ilipomaliza wimbo bado nilikuwa nimeushika. Mji wetu ulikuwa umeingia tena mikononi mwa waasi, wengine, wenye jina jipya, na mpaka wa Gisenyi ulikuwa ukifungwa mapema. Yeye alikuwa amevuka asubuhi ile ile ili awahi mazishi. "Nilisikia kwa simu kama muzee amekufa," aliniambia. "Nikasema, huyu hataenda bila mimi kuona sanduku lake." Tulikaa hapo mchana kutwa. Aliyonieleza ndiyo yaliyonifanya niandike juu ya mwaka ule mmoja, ambao nilikuwa nimeubeba tangu ujana nikidhani ninaujua wote.

Sitaeleza hapa nilizaliwa kwa nani wala niliondokaje Butembo. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nasoma informatiki, na nilikuwa nimepata kazi kwenye siberi ya Papa Anselme katikati ya mji, chumba cha kompyuta ambako watu walikuja kusoma na kuandika barua za intaneti. Furaha ndiye aliyenifundisha kazi. Alinizidi miaka michache, alitoka Masisi, na kwao walizungumza Kinyarwanda. Sisi Wanande tulikua tukiambiwa tujichunge na watu wa kwao, nao waliambiwa vivyo hivyo juu yetu. Tulipanga chumba kimoja mtaani Katoyi, kitanda kimoja, meza moja, na dirisha lililotazama ukuta wa mawe meusi wa jirani. Jumapili yeye alichemsha viazi na kukata jibini la Masisi, mimi nikakaanga sambaza, vile vidagaa vya ziwani, na tulikula tukiwa tumekaa kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimebeba vitabu. Siku moja, Furaha akiwa nje anaanika nguo, jirani alichungulia mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unalala namna gani na huyu?" Nikamjibu kwamba nalala vizuri, huyu hakoromi. Furaha alikuwa amesikia. Aliporudi ndani alicheka huku akilibana beseni la nguo kiunoni, akacheka mpaka akakaa chini.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule mlima wa volkano ulipasuka, na moto ukashuka ndani ya mji, ukapita katikati yake mpaka ziwani. Tulikimbia na watu wote, tukarudi na watu wote, kwa sababu kule tulikokimbilia hakukuwa na chakula wala paa. Barabara ya siberi haikuwepo. Palikuwa na mwamba mweusi uliotoa mvuke, na juu yake watu walikuwa tayari wanatembea kwa haraka, soli za viatu zikinuka. Papa Anselme aliacha kompyuta zake zote ziungue isipokuwa seva, ile mashine kubwa iliyozihudumia nyingine, na aliiokoa kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Aliifunga kwa shuka juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaisukuma yeye mwenyewe mpaka Keshero, ambako moto haukufika, kwenye nyumba ya mama mkwe wake. Hapo ndipo tulipoianza siberi upya, sebuleni, katikati ya kabati la vyombo na picha ya Bikira Maria, na kompyuta chache zilizookotwa huku na huku. Antena ya setilaiti tuliazimwa na mapadri. Jenereta ilinguruma chini ya mgomba nyuma ya jiko, na ardhi ilitetemeka karibu kila siku, mara nyingine kwa nguvu mpaka vikombe viligongana kabatini na wateja wote wakanyanyua mikono kutoka kwenye kibodi kwa pamoja.

Watu walikuja kutafuta watu. Familia zilikuwa zimetawanyika, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine ng'ambo ya mpaka, wengine wamepanda mitumbwi ya bandari ya Kituku kwenda Minova na Bukavu. Papa Anselme akatuambia tutengeneze ukurasa mmoja wa intaneti ambapo mtu yeyote aandike jina lake na mahali alipo, na majina ya anaojua wamekufa. Tuliutengeneza siku moja. Baada ya wiki kadhaa mashine ilikuwa haiwezi kupumua. Kila mteja alitaka kufungua ukurasa ule ule, na kila alipoufungua seva iliusoma upya kutoka kwenye diski, na diski ile ilikuwa imerushwarushwa juu ya chukudu na kuvuta jivu. Ililia kama mlango wenye kutu. Watu walingoja, wakagonga meza, wakalia. Mwalimu Kasereka, aliyefundisha historia katika shule moja ya sekondari, alikuja kila asubuhi kumtafuta mke wake, akavaa tai kila asubuhi, akakaa mbele ya skrini nyeupe iliyokuwa inangoja kujaa, mikono juu ya magoti. Nilipomwomba radhi alisema, "Haina neno, mama. Mimi niko tu nangoja kama wengine."

Furaha ndiye aliyepata dawa. Kulikuwa na programu inayokaa nyuma ya nyingine zote, haionekani, haina dirisha, kazi yake ni kuweka ndani ya kumbukumbu ya mashine kurasa zilizoombwa karibuni, ili mtu wa pili akiuliza ajibiwe mara moja bila kuisumbua diski wala setilaiti. Programu za namna hiyo, kwenye vitabu vyetu vya Kifaransa, ziliitwa démons, na sisi tulisema demoni bila kufikiri, kama fundi anavyosema nati. Ilituchukua asubuhi nyingi kuivuta kutoka intaneti kwa mstari ule mwembamba wa setilaiti, kabla wateja hawajafika. Tulipoiwasha mara ya kwanza tulikosea sote wawili: tuliipa kumbukumbu karibu yote ya mashine, tukidhani kadiri inavyopewa ndivyo itakavyokimbia. Programu nyingine zikakosa nafasi, mashine ikaanza kumwaga kwenye diski vile visivyoenea, diski ikapiga kelele, na chumba kizima kikasimama. Furaha aliizima, akajikuna kichwa kwa kalamu. "Demoni haijuake kushiba," alisema. "Sisi ndio tutaipimia chakula." Tukaanza upya na kidogo, tukaongeza kidogo, tukitazama kila mara nafasi iliyobaki, mpaka tukafika mahali ambapo ilijibu haraka na wengine bado walipumua. Akaiamuru pia isiandike chochote kwenye diski, hata orodha ya nani amefungua nini, ili tuiokoe ile diski mgonjwa. Kila kitu kikae kwenye kumbukumbu tu. Umeme ukikatika, kipotee. Siku ile Mwalimu Kasereka alifungua ukurasa na ukaja kabla hajaweka mikono magotini. Haukupita muda mrefu, mke wake aliandika kutoka Rutshuru. Mwalimu alisoma mstari ule, akavua miwani, akaomba asome tena.

Kazi ya demoni haikuishia kwenye kuiweka. Ilibidi kuitunza kama mgonjwa anayetembea. Mimi nilifika asubuhi na swali langu la kwanza lilikuwa kama iko hai. Ilikufa mara kwa mara, jenereta ilipokohoa au kumbukumbu ilipojaa, na mazungumzo yetu, sasa nikiyakumbuka, mtu yeyote angetuogopa. "Demoni imekufa." "Uiamushe." "Jana ilikula sana." "Inashika majina ya watu wote?" "Yote, na wafu ndani." Tuliyasema hayo mbele ya Mama Bora, yule mama mkwe wa Papa Anselme, aliyekuja kila mchana kutoka jikoni na sufuria ya maharage na bugali uliofungwa kwa jani la ndizi. Mama Bora alikuwa mjane wa makamo, mnyamavu, mwenye mikono mizuri ya kazi, na jioni alisali katika chumba cha maombi ambapo tangu mlima upasuke hakuna kilichohubiriwa isipokuwa mashetani. Hakutuuliza kitu. Aliweka sufuria, akasikiliza, akaondoka. Nadhani tungemweleza angeelewa, kwa kuwa alikuwa na akili; lakini hatukujua kama kuna la kueleza.

Tuliligundua kupitia kwa mama mmoja aliyekuja na kandambili ya mtoto. Hakukaa mbele ya kompyuta. Alienda moja kwa moja kwa Furaha, akainyoosha ile kandambili kwa mikono miwili. "Uionyeshe," alisema. "Banasema iko inajua wazima na wenye walikufa. Uionyeshe hii." Furaha alimkalisha, akamletea chai, akatafuta naye jina la mtoto kwenye ukurasa wote, kutoka juu mpaka chini, na halikuwepo. Mama yule alitazama seva kwa muda mrefu. "Kwa hiyo imekataa," alisema, akaenda zake. Baada ya hapo mawe yalianza kuanguka juu ya mabati, mchana, yakitupwa kutoka nyuma ya ua, na tulipotoka hatukuona mtu. Tulisikia maneno tu. Demoni ya mlima ilipoingia ziwani ilikosa pa kukaa, ikaingia mashine ya Keshero. Na aliyeileta ni yule Munyarwanda. Mimi niliyeigusa kila siku sikutajwa na mtu. Furaha aliacha kupita njia ya sokoni. Katoyi, mwenye nyumba alimwambia atafute pahali pengine, akaniambia mimi naweza kubaki. Tukahama wote wawili, tukalala kwenye godoro katika stoo ya Papa Anselme, kati ya magunia ya makaa na matairi. Alinipa upande wa ukuta, kwa sababu nilikuwa naogopa panya.

Uvumi ule ulisafiri mpaka ukawafikia waliotawala mji. Waasi wa wakati ule walikuwa na ofisi, mihuri, na watu wa usalama waliovaa kiraia, na jambo walilolichukia kuliko mengine ni mtu kuwasiliana na Kinshasa, makao ya serikali waliyokuwa wanapigana nayo. Afande aliyekuja kwetu alikuwa mtu mzima mwenye koti la ngozi, mpole wa sauti. Furaha hakuwepo, alikuwa ameenda Sake kumtafuta mama yake kati ya waliokimbia, na alikuwa arudi kesho yake. Afande alikaa kwenye kiti cha mteja, akazungusha kiti hicho taratibu. "Batu banasema humu kuko kitu kinashika kichwani yote yenye watu wanaandika," alisema. "Miye sina mambo ya demoni. Lakini najua kuko kitu." Papa Anselme alijibu kwa heshima kwamba ni programu tu, kama muuza duka anayeweka karibu na mkono vitu vinavyoulizwa sana. "Na barua zinapita humo?" Papa Anselme alikohoa. "Zinapita, afande." "Basi na miye nitauliza kwa hiyo duka. Kesho asubuhi naleta mutu mwenye anajua. Mashine isizimwe. Nikikuta imezimika, nitaelewa." Akawafukuza wateja, akamwacha askari mmoja mwenye bunduki kwenye kiti cha mlangoni, na amri kwamba hakuna mkono wa mtu utakaogusa kibodi. Mafuta ya jenereta aliyaleta yeye mwenyewe, dumu zima.

Nilikaa kwenye kochi. Mwalimu Kasereka, baada ya kumpata mke wake, hakuacha kuja. Alikuwa anaandika jinsi askari walivyokuwa wakiingia nyumba zilizoachwa na wenyewe, wakabeba vitanda, milango, mabati, naye alizituma habari hizo kwa rafiki yake Kinshasa. Alikuwa ameniambia mwenyewe, kwa kujivunia kidogo. Asubuhi ile ile alikuwa ametuma nyingine. Kwa kawaida ukurasa wa mtu husukumwa nje ya kumbukumbu na kurasa za watu wengine, na kufikia jioni barua yake ingekuwa imeshasahauliwa. Lakini sasa wateja hawakuwepo, hakuna kilichoingia, kwa hiyo hakuna kilichotoka. Kila alichoandika kilikuwa kimekaa pale, na cha wengine wengi ambao sikuwajua siri zao. Papa Anselme alikaa karibu nami akafungua gazeti la zamani. "Kuko njia ya kuisahaulisha bila mashine kuzimika?" aliuliza nyuma ya gazeti. Nikamwambia iko, kuizima demoni peke yake na kuiwasha tena, maneno machache tu kwenye kibodi, mashine itaendelea kunguruma kama kawaida. Lakini askari anatazama mikono yangu. Papa Anselme aligeuza ukurasa wa gazeti.

Mama Bora alikuja na sufuria yake saa ya chakula, kama kawaida. Alimwona askari, akaona bunduki, akatuona sisi. Akaweka sufuria chini. "Mumekuja kuikamata?" alimwuliza askari. Askari akasema yeye ameambiwa aichunge tu. Mama Bora akamtazama kwa huruma ya kweli. "Na wewe umekaa nayo chumba kimoja, mwanangu? Mama yako iko anajua?" Askari aliitazama seva, taa yake ndogo ya kijani ikipepesa, akausogeza mguu wake. "Utoke kidogo kwa kiwanja," Mama Bora akamwambia. "Mimi nitaiombea. Ikitoka itatafuta mutu wa kuingia, na wewe uko karibu na mulango." Askari alisita, akasema ameambiwa tusiiguse. "Nani ataigusa? Tunasali." Akatoka. Alisimama uani, mgongo karibu umetugeukia, akishika bunduki kwa mikono yote miwili. Ninaapa hatukuwa tumepanga kitu na Mama Bora. Yeye alikuwa amekuja kwa vita vyake mwenyewe, ambavyo nadhani alikuwa amevifungia saumu siku kadhaa.

Aliweka mkono mmoja juu ya seva na mwingine juu ya kichwa changu, akafumba macho, akaanza. Papa Anselme, Mkatoliki asiyependa kelele, alipiga magoti upande wa pili akafumba na yeye. Mimi nilipiga magoti mbele ya meza ya kibodi. Mama Bora aliita majina ya malaika, akaukemea mlima, akakemea moto, akaikemea roho iliyojificha kwenye chuma, na sauti yake ilipanda mpaka vikombe vikalia kabatini. Niliandika maneno ya kuizima. Vidole vilinikosea herufi, nikafuta, nikaandika tena, na yeye aliposema "Toka" nikabonyeza. Ikazimika. Nikaandika maneno ya kuiwasha, nikabonyeza, ikaamka tupu, haijui mtu yeyote. Seva haikubadilisha hata mlio. Nilirudisha mikono mapajani na Papa Anselme akasema "Amina" kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mama Bora alifumbua macho, akajipangusa jasho kwa ncha ya kitenge. "Imetoka," alisema, akaenda kutupakulia maharage. Alimpakulia na askari. Mchana ule Papa Anselme alipita nyumbani kwa Mwalimu Kasereka, na kabla ya jioni mwalimu na mke wake walikuwa wameshapanda boti pale Kituku kwenda Bukavu. Aliishi, akafundisha huko mpaka kustaafu.

Asubuhi afande alirudi na fundi wake, mtu mwembamba mwenye shati safi na Kifaransa cha taratibu. Alikaa, akaandika, akasoma. Hakuchukua muda. "Programu ipo," alisema. "Lakini imeanza jana mchana. Kilichokuwemo kabla ya hapo hakiwezi kupatikana." Mimi sikuwa nimelifikiria hilo, kwamba mashine inaandika saa ambayo kila programu imeamka. Afande alizungusha kiti chake akatutazama mmoja mmoja. "Nani aliigusa?" Furaha alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amefika muda huo huo kutoka Sake, mfuko begani, viatu vimejaa vumbi jeusi, na sijui alikuwa amesikia kiasi gani. "Ni miye," alisema. "Wewe jana ulikuwa hapa?" "Mashine hii ni miye naiongoza. Niliiandikia amri ijizime na kuamuka yenyewe kila baada ya siku, isijae." Fundi alimtazama, kisha akanitazama mimi. Ingemchukua dakika kutafuta kama amri hiyo ipo. Alitoa mikono kwenye kibodi. "Inawezekana," alisema. "Vizuri," afande akasema, "basi utakuja kunieleza hiyo amri kwa ofisi." Nilifungua mdomo, nikasema "Afande," na Papa Anselme akanikanyaga mguu kwa uzito wake wote. Furaha alinikabidhi mfuko wake. "Mama nimemupata," aliniambia. "Iko muzima. Umutumie hizi nguo." Wakaondoka naye.

Nilienda mara nyingi kwenye lango la pale walipokuwa wanawashika watu, na chakula, na hakuna aliyekipokea. Papa Anselme aliuza jenereta, tukabaki na ndogo ya kuazima, akazunguka kwa wakubwa wote aliowajua. Mvua zilipoanza tuliambiwa kwamba ameachiliwa na amevuka kwenda Gisenyi. Nikangoja aje au aandike. Ukurasa wetu ulikuwa bado hai, nami kila asubuhi niliuangalia kutoka juu mpaka chini nikitafuta jina lake, mimi niliyewatafutia wengine. Halikuja. Nilikasirika, kisha nikaacha kukasirika, na kilichobaki ni ile hali ya kumtaja mara chache zaidi kila mwaka mpaka nikaacha kumtaja. Siberi ilifungwa. Nikamaliza masomo, nikaanza kufundisha, na kila mwaka ninapofika kwenye somo la programu zinazokaa nyuma wanafunzi hucheka neno demoni, nami nangoja wamalize.

Pale kwenye matanga, katika nyumba ile ile ya Keshero, Furaha alinieleza kwa sentensi fupi. Walimweka ndani wiki kadhaa. Walimnyoa. Mengine alisema hatayasema kwenye msiba wa mtu. "Nilipotoka nilikuja hapa hapa," alisema, akionyesha lango kwa kidevu. Nikamwuliza lini. "Siku ile ile. Mama Bora alifungua. Aliniona vile nilikuwa, akasema ile kitu yenye ilitoka mashine imeingia ndani yangu, nisiilete tena kwa nyumba. Akafunga. Nilikuita, Kavi. Nilikuita kwa sauti." Nilijaribu kukumbuka siku hiyo na sikuweza. Huenda jenereta ilikuwa bado inanguruma; huenda nilikuwa langoni kule, na sahani yangu ya chakula, nikimngoja mtu aliyeshatoka. Nikamwambia hivyo. Alitikisa kichwa taratibu. "Nilifikiri ulisikia," alisema. Miaka yote hiyo kila mmoja wetu alikuwa amekaa upande wake wa mpaka akiamini mwenzake ndiye aliyekaa kimya, na kutoka Keshero hadi Gisenyi mtu anatembea asubuhi na kurudi. Nilimwuliza kama mama yake aliishi. Akasema aliishi, alikufa juzi juzi tu, mzee sana.

Chakula kilipoanza kugawiwa, Mama Bora ndiye aliyekuja upande wetu. Bado anaishi kwenye nyumba ile, amekuwa mdogo wa mwili, jicho moja halioni, na mjukuu wake alitaka kumsaidia sahani lakini alimkatalia. Alimpa Furaha sahani bila kumtambua. Furaha aliipokea kwa mikono miwili. "Mama Bora," alisema, "ni miye Furaha." Mama Bora aliinama, akamsogezea lile jicho zima karibu sana na uso wake. "Furaha wa mashine?" "Ndiyo, mama." Mama Bora alijishusha polepole mpaka akakaa kwenye mkeka, miguu imenyooka mbele yake, kama mtu aliyefika kutoka mbali. Watu walidhani amechoka. "Nilikufungia mulango," alisema. "Ndiyo." "Siku ile nilisema nimefanya vizuri. Nyuma yake sikulala vizuri tena. Nilikuuliza kwa kila mutu wa Gisenyi, hakuna mwenye alikujua." Furaha hakumjibu kwamba amesamehe, na mimi sikutarajia aseme. Alichovya bugali kwenye maharage, akala. Alikula bila haraka, akala yote, huku Mama Bora amekaa miguuni pake akiangalia kila tonge linavyoingia mdomoni. Kisha akamnyooshea sahani.

"Uniongezee, mama," alisema.